Picha ya Kumi na Moja

Kumi za kwanza zilipita vizuri. Debra mwenye siku tatu, amefungwa blanketi la njano. Debra na jino moja. Debra na sare ya nasari inayoburuta chini kwa sababu mama yake, Waringa, alinunua nguo ya kukulia. Wageni walicheka hapo, na Gerishon, baba mwenye nyumba, akacheka kuwashinda wote. Alikuwa amesimama kando ya televisheni, mkono juu ya kipanya cha kompyuta, na kila picha alikuwa ameizungushia fremu ya maua yeye mwenyewe. Mstaafu akipata kazi ya kufanya, mwacheni aringe.

Ilipotakiwa kuja ya kumi na moja, mashine ikapiga mlio. Ukurasa mwingine ukafunguka wenyewe, ukaijaza televisheni yote: mwanamke aliyevaa kamba mbili tu, anabusu hewa, na maandishi mekundu yanayosema wanawake wapweke wa Nairobi wanakusubiri. Gerishon akaufunga. Ukafunguka wa kamari, gurudumu linazunguka, kengele zinalia. Akaufunga. Yule mwanamke akarudi, safari hii na mwenzake.

"Ai!" alisema mzee Muchiri, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, akajifunika uso kwa kofia.

Ilikuwa Jumamosi mchana, huko Kangemi, katika nyumba ya mawe ya Gerishon yenye vyumba vya kupangisha nyuma. Siku ya kujulishana. Upande mmoja walikaa wazee wa kanisa, ambao Gerishon ndiye katibu wao. Upande wa pili walikaa watu wa Fidel, kijana aliyekuja kumposa Debra: mama yake Peres, fundi wa sare za shule pale sokoni, na Anko Odero, ndugu wa marehemu baba yake, aliyetoka Ugenya kwa ajili ya siku hiyo tu.

Odero alikuwa amemaliza kusema maneno yake nusu saa tu kabla. Alisema kijana wao amepata kazi Doha, ya kufunga madirisha ya aluminiamu kwenye maghorofa. Viza iko, tiketi iko, wakala anataka jibu Jumatano. "Lakini huyu ameniambia, 'Anko, nikikubaliwa kwa kina Debra, siendi popote.' Mimi nikamwambia, miaka miwili si mingi. Akasema kwake ni mingi." Watu walipiga makofi. Hata Gerishon alipiga, na moyoni akasema kijana huyu si mbaya. Hayo ndiyo yanayoniuma nikiyakumbuka.

Sasa makofi yalikuwa yamekwisha, na kengele za kamari zinalia sebuleni kwa mzee wa kanisa. Kila mtu alijua kompyuta ni ya Gerishon. Kila mtu alijua mke wake hushinda sokoni na binti yake hushinda kazini, na kwamba mstaafu hubaki na mashine hiyo peke yake, mlango umefungwa. Aliliona swali machoni pa Muchiri kabla halijafika mdomoni.

"Hii ni kazi ya Fidel," alisema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Yeye ndiye alishika hii mashine Jumatano. Yeye na nyaya zake. Mimi hivi vitu sivijui."

Ni kweli Fidel alikuja Jumatano. Alileta waya wake mwenyewe, akaunganisha kompyuta na televisheni, akajaribu, akanywa chai kikombe kimoja akaenda zake. Ukweli ulikuwa umeishia hapo.

Fidel aliinuka. Aliiendea mashine, akainama, akaitazama kona ya chini ya skrini kwa muda kidogo, kisha akamtazama mzee. Halafu akauchomoa waya. Televisheni ikazima.

"Poleni," alisema, akarudi kuketi.

Poleni! Jamani, kijana, neno gani hilo? Wazee wa kanisa walilisikia kama la mtu aliyekiri. Muchiri akatikisa kichwa taratibu, kama anavyofanya akisikia taarifa ya kifo.

"Baba Debra," Peres alisema. Hakupaza sauti. "Huyu mtoto nimemlea mimi. Umemwona akifanya hayo?"

"Simsingizii, Mama Fidel. Nasema ninavyojua."

"Sawa. Unavyojua."

Odero alichukua kofia yake. Alishukuru kwa kukaribishwa, akasema watarudi siku wakialikwa, akatangulia mlangoni. Waringa alikimbia kutoka jikoni na bakuli la mukimo mkononi. "Jamani, hata hamjaonja! Mama Fidel, chapati zinatoka saa hii." Peres alimshika mkono, akamwambia Mungu ambariki, ila wameshiba. Wageni wakaondoka bila kuonja kitu. Majirani waliwaona wanatoka, na waliona ni mapema mno.

Debra alimfikia Fidel getini.

"Niambie ukweli. Ni wewe?"

"Wewe unaonaje?"

"Sijakuuliza mimi naonaje!"

Fidel alitazama viatu vyake, vile vipya vilivyomfinya tangu asubuhi. "Debu, acha leo ipite. Tutaongea."

"Kama si wewe, sema si wewe. Mbona ni ngumu?" Akangoja. "Baba yangu hajawahi kunidanganya. Hata siku moja. Kwa hivyo usinipigie tena."

"Sawa."

"Sawa nini?"

"Sawa tu."

Akamfuata mama yake. Debra akarudi ndani na kuifungia namba ya Fidel kwenye simu yake, hapo hapo, kabla hasira haijapoa.

*

Jumatatu Gerishon aliifunga kompyuta kwa leso ya mke wake, akaipeleka mjini, barabara ya Luthuli, ghorofa ya pili, kwa fundi anayeitwa Rael. Alielekezwa na mpangaji wake mmoja. Rael alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, na kibanda chake kilikuwa na nafasi ya watu wawili wakikubali kubanana.

"Lete tumwone mgonjwa," alisema, akaichomeka.

Haikukawia. Kengele. Gurudumu. Yule mwanamke. Gerishon aligeuka akatazama ukutani, maana kwenye korido kulikuwa na watu wanapita.

"Usione haya, mzee. Nawaona hawa kila siku, tumeshakuwa marafiki." Rael alicheka peke yake. "Nani hutumia hii mashine?"

"Watoto," Gerishon alisema.

Huo sasa ulikuwa uongo. Ule wa Jumamosi mtu angeweza kuuita haraka, au hofu. Huu alimwambia mtu asiyemjua, ambaye hakuwa na haja naye. Ulimi ukizoea njia, hupita tu.

Rael alifungua orodha ya programu zilizomo, akazipanga kwa tarehe, ya mwisho juu. Akaigusa moja kwa kucha. Ilikuwa na picha ya brashi ndogo ya rangi.

"Huyu ndiye mama yao. Programu ya bure ya kupamba picha. Kuweka fremu, maua, vitu kama hivyo. Hiyo bure ndiyo kazi, mzee. Unapoiweka inakuuliza: nikuwekee na hii? Nikuwekee na ile? Nibadilishe ukurasa wako wa kwanza? Na mtu wako amekuwa akibonyeza kubali, kubali, kubali." Akasogea karibu na skrini. "Iliingia Alhamisi. Saa nne na dakika kumi na mbili, asubuhi. Hawa hulala siku mbili tatu, ndipo huamka."

Alhamisi saa nne Waringa alikuwa sokoni. Debra alikuwa kazini, kwenye duka la dawa Spring Valley. Gerishon alikuwa mezani na chai yake na miwani yake, anatafuta maua ya kuzungushia picha ya mtoto mwenye siku tatu. Aliikumbuka ile brashi. Alikumbuka hata alivyowaza: maandishi madogo hivi, ya Kiingereza, nani huyasoma? Miaka thelathini alikuwa karani wa serikali, anaweka sahihi pale anapoonyeshwa. Akabonyeza.

"Mzee, uko sawa?"

"Niko."

Rael alianza kazi. Aliing'oa ile programu. Akaenda kwenye intaneti yenyewe, akatoa vitu vitatu vilivyojibandika humo bila kuitwa. Akaurudisha ukurasa wa kwanza kama ulivyokuwa. Akafuta ruhusa ya matangazo kuruka mbele ya mtu. Kisha akafungua mahali pengine kabisa na kukuta kitu kilichotegwa kama saa ya kuamsha, kazi yake kupanda uchafu ule upya kila baada ya saa moja. "Wengi hapa hupasahau," alisema. "Wanatoa majani, mzizi unabaki."

"Hiyo tarehe," Gerishon alisema. "Hiyo ya Alhamisi. Itabaki humo?"

Rael alimtazama juu ya miwani. "Kwani tarehe imekukosea nini? Nikishaitoa, inaenda nayo."

Moyo wa Gerishon ukatulia. Halafu akauchukia kwa kutulia kwake.

Mashine ikazimwa, ikawashwa, wakaingoja. Ukurasa mweupe, kimya. Kengele ya saa sita ikalia kutoka kanisa fulani la mjini, na bado kimya. Rael akamtoza pesa kidogo, akampunguzia kwa heshima ya mvi zake. "Huyo mtoto mwambie asome kabla ya kubonyeza," alisema.

"Nitamwambia," alisema Gerishon.

*

"Fundi amesemaje?" Waringa aliuliza jioni hiyo, akichambua sukuma wiki.

"Virusi. Wameviondoa."

"Vilitoka wapi?"

"Vitu vya intaneti, Mama Debra. Vinatoka kokote."

Waringa aliacha kuchambua. Mwanamke aliyeishi na mtu miaka ishirini na saba haambiwi kila kitu ndipo ajue. "Debra hali chakula. Amekunywa maji tu tangu jana. Na Jumatano ni keshokutwa, yule kijana atajibu watu wa Doha. Kama kuna kitu unajua, kiseme. Mficha uchi hazai."

"Hakuna."

Lakini Jumanne asubuhi alivaa koti akashuka hadi karakana ya Fidel, karibu na soko. Njiani alikuwa ameyapanga maneno vizuri, yalikuwa mafupi: Fidel, nilikosea, ni mimi niliyeiweka ile programu. Maneno machache hivyo, hata mtoto wa nasari angeyabeba.

Fidel alikuwa anakata fremu ya dirisha. Alimwona, akazima msumeno, akampangusia stuli kwa shati lake la kazi.

"Habari yako, mzee. Karibu."

"Nzuri, Fidel. Kazi?"

"Twashukuru Mungu."

Wakatazama fremu. Gerishon akauliza bei ya dirisha la futi nne kwa tano, dirisha ambalo hakulihitaji. Fidel akamjibu. Akauliza kama aluminiamu hushika kutu. Fidel akamweleza kwa upole, hatua kwa hatua, na muda wote akimtazama usoni, anangoja.

"Ile mashine imetengenezwa," mzee alisema mwishowe. "Imepona kabisa. Kwa hivyo yale ya Jumamosi, tusameheane tu."

"Nikusamehe nini, mzee?"

Aliuliza bila kejeli. Alikuwa ameinama kidogo mbele, kama mtu anayemshikia mwenzake mlango. Gerishon alifungua mdomo. Kijana wa jirani akapita na mkokoteni, akawasalimia wote wawili, na mzee akarudisha salamu, na maneno yale machache yakamtoroka.

"Mambo ya dunia," alisema. "Wajua binadamu."

"Ndiyo, mzee," alisema Fidel. Alingoja kidogo zaidi. Kisha akauwasha msumeno.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wahenga. Ila kuna kujikwaa kwingine, kwa ulimi kukataa kuinuka, na huko sijui wahenga walikusemaje. Gerishon alipanda mlima kwenda nyumbani akijiambia kwamba amejaribu. Jumatano alijiambia ataenda mchana. Mchana akajiambia ataenda jua likipoa. Jua lilipopoa alikuwa ameketi mbele ya kompyuta safi, hafanyi chochote.

*

Kilichomkamata ni kalamu yake mwenyewe.

Ijumaa alasiri wazee wa kanisa walikutana. Muchiri aliomba, akasoma zaburi, akafika kwenye ajenda. Ya nne ilikuwa mwenendo wa kijana Fidel, muumini wa kanisa hilohilo.

"Tumeona kwa macho yetu," Muchiri alisema. "Hatuwezi kumfungisha ndoa mtu wa mambo hayo. Aonywe, na asimamishwe kushiriki meza ya Bwana kwa miezi sita. Katibu, andika."

Gerishon aliandika tarehe. Akaandika waliohudhuria, akaandika namba nne na kupiga mstari chini yake. Kitabu hicho alikuwa amekiandika miaka kumi na sita. Humo mlikuwa na harambee na mazishi na ugomvi wa kwaya, na neno la uongo halikuwamo hata moja. Kila mwanzo wa mwaka husomwa mbele ya kanisa zima, na hakuna aliyewahi kuinua mkono kumsahihisha. Akaandika: Kijana Fidel. Kalamu ikagoma.

"Katibu?"

"Sitaandika hii."

"Huwezi kumhurumia mtu kwa sababu alitaka kuwa mkweo."

"Si huruma." Aliiweka kalamu mezani. "Naomba mje kwangu kesho. Ninyi nyote mliokuwapo. Nitawaita na watu wake. Niliyasema mbele yenu, niyaondoe mbele yenu."

Akakifunga kitabu. Usiku huo alilala, kwa mara ya kwanza juma hilo, akiamini kwamba kesho itatengeneza mambo. Alikuwa amechelewa, lakini nafasi si bado ipo? Ndivyo alivyofikiri.

*

Peres alikuja peke yake. Alitoka moja kwa moja kazini, utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni. Waringa alimpokea kwa mikono miwili, akamketisha kwenye kochi, palepale alipokaa Jumamosi iliyopita. Viti viwili kando yake vikabaki vitupu. Debra alikuwa anagawa chai. Alimsalimia mama huyo bila kumtazama usoni.

"Tuanze," Muchiri alisema, "au tunawangoja wengine?"

"Hakuna wengine," alisema Peres.

Gerishon akasimama mbele ya televisheni. Alikuwa amejiandaa kueleza taratibu, kuanzia kwa fremu za maua na jinsi alivyotaka siku ipendeze. Lakini alipomwona Debra na chupa ya chai mkononi, maelezo yote yakamwisha.

"Ni mimi," alisema. "Ile programu iliyoleta wale wanawake, niliiweka mimi, Alhamisi, nikiwa peke yangu. Nilibonyeza bila kusoma. Fidel hakugusa kitu. Nilimsingizia mbele yenu kwa sababu niliwaogopa. Nawaomba radhi. Mama Fidel, nakuomba radhi wewe kwanza."

"Baba Debra," Muchiri alianza, "sasa hiyo tuseme ilikuwa ajali ya mitambo..."

"Mitambo haikusema jina la Fidel. Nililisema mimi."

Hakuna aliyegusa chai. Peres aliuvua utepe wake shingoni, akaukunja, akaushika kiganjani.

"Nimesikia," alisema. "Na nimekusamehe, kwa sababu umesema mbele ya watu. Wengi hawawezi. Lakini kijana wangu alijua siku ileile."

"Alijua nini?"

"Aliona ile brashi kwenye skrini alipoinama. Jumatano alipokuja kuunganisha haikuwapo, aliiacha mashine safi. Na picha zako zote zilikuwa na maua. Aliniambia tukiwa njiani. Nikamwambia, Fidel, mbona hukusema? Unatukanwa, na mimi mama yako ninatazama! Akaniambia, 'Mama, nikimwaibisha mzee mbele ya wazee wenzake, kesho nitamwita baba vipi? Atasema mwenyewe.'"

Waringa alijishika kifua.

"Jumanne alirudi nyumbani ana nguvu kidogo. Akasema, 'Mzee amekuja karakana. Hakusema, lakini amekuja.' Jumatano akakaa na simu mkononi. Wakala alipiga asubuhi, akamwambia ngoja. Akapiga mchana, akamwambia ngoja. Saa kumi na moja jioni akamwambia ndiyo. Alimpigia Debra mara nyingi siku hiyo. Simu haikuingia."

"Yuko wapi sasa?" Debra aliuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema.

"Ameondoka, mwanangu. Jana, na ndege ya asubuhi."

"Hadi lini?"

"Miaka miwili."

Debra aliiweka chupa ya chai mezani kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kulipuka. Kisha akamgeukia baba yake. Hakuwa analia bado. Alikuwa na uso wa mtu anayeuliza bei.

"Baba. Ulijua lini?"

Angeweza kusema jana. Angeweza kusema usiku wa kuamkia leo, na hakuna mtu duniani angejua, maana Rael aliiondoa tarehe pamoja na uchafu wake. Wazo hilo lilimjia, sitaficha. Lilimjia likakaa.

"Jumatatu," alisema. "Saa sita mchana."

"Na Jumanne ulipoenda karakana?"

"Nilikuwa najua."

"Na Jumatano mimi nikiwa hapa ndani, nimemfungia simu, nimelala tu, wewe uko hapo mezani?"

"Nilikuwa najua, Debra."

Binti akatikisa kichwa mara moja, kama aliyepewa jibu la mwisho la maswali mengi. Akavuka sebule, akapita mbele ya wazee wa kanisa bila kuwaomba samahani, akaketi upande wa wageni, kwenye kiti kimoja kati ya vile vitupu. Peres akamvuta begani kwake. Hapo ndipo alipoanza kulia, kwa sauti, kama mtoto, na kila aliyekuwapo akatazama sakafu.

Muchiri alikohoa. Waringa akatoka nje kwenda kusimama uani peke yake. Gerishon alibaki pale mbele ya televisheni, katika nyumba aliyoijenga mwenyewe, mikono imelegea, na hakuna aliyemwambia aketi.